Safari ya Maji ya Moto Iliyopangwa Nyamianda

Safari yenyewe ilikuwa ya siku mbili, kutoka Tokyo hadi nyumba moja ya wageni milimani yenye maji ya moto yanayotoka ardhini, na mwanzoni wasafiri walikuwa mdogo wangu wa kike, mumewe na kichanga chao. Sisi wengine hatukuwa tunaenda popote. Lakini ukimuuliza mtu yeyote wa nyumbani kwetu atakwambia safari ile ilipangwa Nyamianda, mtaa wetu hapa Uvira, sebuleni kwa mama, juu ya mkeka, simu yangu ikiwa imeegemezwa kwenye bakuli la sukari, na kwamba Wajapani walitusaidia tu.

Mimi ni mtu wa karatasi. Kazi yangu ni kuwaandikia wafanyabiashara hati za forodha pale bandarini Kalundu, kwa hiyo nyumbani kila kitu chenye maandishi huletwa kwangu, iwe dawa, iwe barua ya shule, iwe Japani. Isitoshe nina ugonjwa wa kuuliza. Mke wangu husema nikifika peponi nitamwuliza malaika mlango ule umetengenezwa na fundi gani. Basi shemeji yangu aliponiandikia kwamba anafikiria kumtoa mke wake mjini akapumzike kwenye maji ya moto, nilifurahi kuliko wasafiri wenyewe, kwa sababu nilijua nitapata mambo ya kuulizia.

Shemeji huyu ni Mjapani. Alifanya kazi miaka kadhaa Bujumbura, akajifunza Kifaransa kizuri na Kiswahili cha kununulia nyanya, akasilimu, akavuka mpaka kuja kumposa mdogo wangu kwa adabu iliyomshangaza hata imamu wetu. Alimchukua kwa ndoa halali wakaenda kuishi Tokyo, na sasa walikuwa wamepata mtoto wa kwanza, wa kike.

Nilipompelekea mama habari za safari nilianza na mambo niliyodhani yatamfurahisha: milima, treni, chumba kilichotandikwa mkeka ukuta hadi ukuta. Mama hakusikia hata kimoja. Alishika neno moja tu.

“Mayi ya moto?”

“Ndiyo, mama.”

“Ya kuoga?”

“Ya kuoga.”

Akaweka chini ungo wa mchele. “Kumbe huyu mukwe wangu iko na akili. Minye nilifikiri haone kitu.”

Kitu chenyewe kilikuwa hiki. Mwanamke akijifungua hapa kwetu, kabla watu hawajamaliza kuuliza kama ni wa kike au wa kiume, kuna mtu ameshabandika sufuria kubwa jikoni. Mzazi hukandwa. Kitambaa kizito kinatumbukizwa kwenye maji yaliyochemka na majani, kinakamuliwa, kinabandikwa tumboni, mgongoni na kwenye nyonga, kinabonyezwa kwa viganja mpaka, wanavyosema wanawake, damu iliyolala itoke na mwili urudi mahali pake. Kisha tumbo linafungwa kitenge na kukazwa, na mzazi anapewa uji wa pilipili manga. Anakandwa hivyo siku baada ya siku, na anayemkanda ni mama yake, au mkwe wake, au mwanamke mzima anayeaminiwa na nyumba. Mama yangu ameaminiwa na nyumba nyingi. Amekanda nusu ya mtaa huu. Kuna wanawake wenye wajukuu leo ambao wakikutana naye sokoni huvuta mtandio kidogo kwa haya, maana mama anawajua kuliko waume zao.

Na binti yake wa mwisho hakumkanda. Viza haikutoka, miguu nayo inavimba. Mtoto alizaliwa hospitali safi kabisa, kila kitu kilikwenda sawa, wakarudi kwenye nyumba yao ndogo ya ghorofani, na basi.

“Amezaa kama paka chini ya kitanda,” mama alisema siku ile.

Tangu hapo alikuwa akizisikiliza sauti alizotuma dada yangu huyu mdogo kama mtu anayesikiliza injini yenye kasoro. Zamani sauti za dada zilikuwa ndefu mno, zinamaliza mega zangu zote za intaneti: bei ya viazi, jirani mwenye mbwa mwenye koti, yote. Sasa zilikuwa fupi. “Tuko salama. Mtoto ananyonya. Msijali.” Mimi niliona habari ni njema. Mama alirudia kuisikiliza sauti moja mara nyingi, kisha akaniambia, akiniita papa kama mama wa kwetu wanavyowaita wana wao:

“Papa, muntu mwenye kuwa salama anaongea ovyo. Huyu iko anachagua maneno. Nani anamugusa kule?”

Sikumwelewa. Nilisema ana mume mzuri.

“Sikuulize mambo ya bwana yake. Nauliza mukono ya mwanamuke. Nani amemuweka mukono hata siku moja tangu azae?”

Nikamwuliza dada, kwa maneno ya kuzungukazunguka. Alijibu kwamba mama mkwe wake ni mtu mzuri sana, anakuja mara chache, anainama, anaacha chakula kwenye visanduku, anaondoka. “Hajawahi kunigusa, kaka. Labda hapa ndivyo walivyo.” Halafu akasema mtoto analia, akakata. Baadaye shemeji aliniandikia kwamba mke wake siku hizi anakaa dirishani mchana kutwa na hataki kuongea, na kwamba daktari amesema ni uchovu unaowapata wazazi wengi, wamwangalie kwa karibu. Nilimsomea mama ujumbe ule. Nilimwona anaogopa, na mama yangu si mtu wa kuogopa mbele yetu.

Kwa hiyo ilipokuja hadithi ya maji ya moto, kwa shemeji ilikuwa mapumziko. Kwa mama ilikuwa ni kazi yake iliyochelewa, na alitaka ifanyike ipasavyo.

Tulianza kupanga. Kila jioni nikitoka Kalundu mama alikuwa ameshaketi ananisubiri, na mke wangu karibu naye akijifanya anasuka nywele za mtoto. Shemeji alikuwa amenitumia picha na maelezo ya nyumba kadhaa za wageni, nami nikayapitisha kwenye mashine ya kutafsiri ya simu, ambayo iliniambia kati ya mambo mengine kwamba wageni wenye hasira hawatapikwa. Hilo sijalielewa mpaka leo. Mengine niliyaelewa, na kila moja lilinizalia maswali mengine.

Unavua viatu mlangoni, unapewa ndala. Ukienda chooni unaacha hizo ndala unavaa nyingine, za choo, na ole wako ukirudi nazo sebuleni. Unapewa vazi la pamba, wanaume na wanawake sawa, na lazima upande wa kushoto ulalie juu ya ule wa kulia, maana kinyume chake huvishwa maiti.

“Umwandikie dada yako sasa hivi,” mama alisema. “Asikosee.”

“Ameshaishi kule, mama, anajua.”

“Andika!”

Niliandika. Kuhusu maji ilikuwa hivi: watu hawaingii wachafu. Kwanza unaketi kwenye kigoda kidogo, na ndoo yako, unajisugua mwili mzima, unajimwagia, ndipo uingie kwenye bwawa la moto kukaa tu. Mama alifurahi mno kusikia habari za kigoda na ndoo. Alisema sasa ameanza kuwaelewa watu hawa, alikuwa anafikiri wanajitumbukiza tu kama viboko.

“Na banavaa nini mule?” mke wangu aliuliza.

Nilikuwa nimeliruka hilo kwa makusudi. “Hawavai kitu. Wanawake upande wao, wanaume wao. Uchi kabisa. Na kitambaa kidogo juu ya kichwa.”

“Juu ya kichwa!” Mke wangu alicheka mpaka akaachia msuko. Mimi nikasema kwa sauti ya mwenye nyumba kwamba hilo haliwezekani, sisi ni Waislamu, stara ni stara hata mwanamke kwa mwanamke, mdogo wangu hawezi kukaa bwawani na watu baki.

“Weye kwanza unyamaze,” mama alisema. “Mambo ya bwawa si shida yangu. Muzazi haketi ndani ya mayi, anamwagiwa na anabonyezwa. Utafute nyumba yenye chumba na bafu yake, afungiwe mulango na mutu mumoja. Hiyo stara yako utaipata hapo hapo.”

Ikapatikana: nyumba ya wageni ya kizamani, treni ya chini ya saa mbili kutoka mjini, chumba chenye bafu lake la mbao linaloingiza maji yale yale ya ardhini. Shemeji akapiga simu kuhakikisha hawatawekewa nguruwe. Daktari akasema mwezi umepita, uchunguzi uko vizuri, mzazi anaweza kuoga maji ya moto. Mimi nilidhani tumemaliza.

“Hayo mayi yanachemushwa na nani?” mama akauliza.

“Na ardhi. Kule wana volkano.”

“Kama ya Goma?”

“Kama ya Goma.”

Akafikiri. “Minye siwezi kumuwekea mutoto wangu mayi sijayaonja.”

Hapo ndipo mimi mwenye ugonjwa wa kuuliza niliponasa. Nilimkumbusha kwamba upande wa Makobola, kwenye barabara ya kwenda Baraka, watu husema kuna mahali maji ya moto yanatoka kwenye mawe kando ya ziwa, na kwamba pengine ni ukoo mmoja na ya Japani. Mama akanitazama. Jumapili yake nilikuwa juu ya pikipiki naelekea kusini, ziwa kushoto kwangu, na termosi ya chai ya mke wangu, tupu, kwenye mkoba mgongoni. Barabara ilikuwa tulivu siku hizo, na kwenye kizuizi askari walipoiona termosi walitaka chai.

Nilionyeshwa mahali penyewe na mwanamke aliyekuwa anaanua samaki wake. Nilitegemea moshi na makelele. Palikuwa na mawe yenye kutu ya rangi ya chungwa, na ziwa likilamba taratibu kama kila mahali, ila ukiweka mguu kwenye mchanga kati ya mawe mawili unauondoa haraka. Mbele kidogo, ndani ya maji, viputo vilipanda vikapasuka bila kuchoka. Niliinama kuvitazama muda mrefu. Nimezaliwa kando ya ziwa hili, nimekula samaki wake kila wiki ya maisha yangu, na sikujua kwamba chini yake kuna jiko.

Mwanamke aliniuliza kama nimeleta mgonjwa. Alisema watu huleta watoto wenye upele na wazee wenye magoti. Nilimwambia mgonjwa wangu yuko Japani.

“Na hii termosi? Utaituma namna gani?”

“Ni ya mama, ya kuonja.”

Alinitazama kwa huruma, akanisaidia kuchota.

Nilifika nyumbani maji yakiwa bado vuguvugu. Mama alimimina kwenye kikombe, akanusa, akapeleka ulimini, akatema, akaonja tena. Akasugua kidogo kwenye mkono wake na kusubiri. Nami nilisubiri kama mfanyabiashara anayengoja mzigo wake upite forodhani.

“Iko na chumvi. Na mayai,” alisema. “Lakini ni mayi ya nguvu. Hayahitaji majani.” Ikawa imepita. Termosi, nayo, haikupona. Tuliiosha kwa majivu, kwa ndimu, kwa sabuni ya unga, na chai yake ikabaki na harufu ya yai mpaka mke wangu akampa jirani ya kuwekea uji wa kuku, bila kumweleza kitu.

Sasa maji yalikuwapo, chumba kilikuwapo. Ikabaki mikono. Shemeji aliandika kwamba katika nyumba ile kuna wanawake wenye ujuzi wa kukanda mabega ya wageni. Mama alikataa kabla sijamaliza kusoma. Mabega si tumbo, na mgeni wa kulipwa si mtu wa kumwona mzazi. Mtu ni mmoja tu kule Japani nzima mwenye haki hiyo.

“Mukwe wangu wa kike,” alisema. “Mama ya bwana yake. Nitamuomba minye mwenyewe.”

Jambo hili lilimkosesha mama raha. Kwetu wakwe huheshimiana kwa umbali. Hawataniani, hawaombani ovyo, na kumwomba mkwe kitu mikono mitupu ni kujidhalilisha. Alilalamika kwamba hana hata kitenge cha kumtumia ambacho kingefika kabla ya safari. Mwisho aliamua ataomba kwa mdomo, lakini kwa heshima zote. Siku ya kuongea alivaa nguo ya Idi, akajifukiza udi, ingawa nilimwambia simu haipitishi harufu. Kwetu ilikuwa asubuhi, kwao jioni imeanza. Dada alikuwa chumba cha pili amelala na mtoto, na shemeji alisema ni afadhali, asisikie anavyojadiliwa.

Kwenye kioo cha simu akatokea mama mmoja mdogo wa umbo, nywele zimebanwa, amepiga magoti sakafuni, na nguo aliyovaa nayo haikuwa ya kila siku. Aliinama mpaka tukaona kisogo chake. Mama naye akainama, kitu ambacho hajawahi kumfanyia mtu. Yule akainama tena. Mama tena. Niliona tukiwaachia hawa jua litazama.

Maneno yalisafiri hivi: mama kwa Kiswahili, mimi kwa Kifaransa, shemeji kwa Kijapani, halafu yanarudi. Mama alianza mbali, kwa kuuliza habari za nyumba na afya. Kisha akasema, kwa ule upole wa mtu anayepapasa gizani, kwamba anasikia mkwe wake anaishi mbali na watoto, ndiyo maana haji mara nyingi.

Jibu lilirudi: hapana, anaishi karibu, vituo vichache tu vya treni.

Mimi nilikunja vidole vya miguu. Kisha yule mama akasema jambo refu, polepole, huku anatazama mikono yake, na shemeji alichelewa kulitafsiri kwa sababu, nilimwona usoni, hata yeye alikuwa hajalisikia. Wiki ile aliyozaliwa mtoto, alisema, alikuwa amefunga mfuko wake, na nguo za kulalia na aproni, aje akae nao. Alimpigia mkamwana kumwambia anakuja. Mkamwana akamjibu: tafadhali mama, usijisumbue. “Kwa hiyo nikaufungua mfuko, nikarudisha nguo kabatini.”

Nilimtafsiria mama. Akapiga paja.

“Alikuambia usijisumbue, na weye ukaitika?”

Msomaji wa kwetu ameshaelewa. Kwetu hakuna mkamwana anayemwambia mama mkwe, haya njoo uniogeshe. Atakuwa hana adabu. Anasema usijisumbue, mama, niko sawa, na mkwe anasikia, anachukua mfuko wake na kuku wake, anakuja. Akiambiwa tena usijisumbue mlangoni, anaingia jikoni kubandika maji. Mkwe akisikia neno lile akabaki kwake kweli, watu wataanza kuulizana nani kamkosea nani. Dada yangu alisema kile alichofunzwa na huyu huyu mama, kisha akangoja mlango ugongwe. Alingoja mwezi mzima pale dirishani. Na yule mama, kwenye nyumba yake vituo vichache kutoka pale, alikuwa akingoja kuombwa.

Nililieleza hilo kwa Kifaransa vizuri kadiri nilivyoweza. Shemeji aliposikia alifunika uso kwa mkono. Halafu akaligeuza kwa Kijapani, na mama yake akasikiliza bila kujongea, kisha akauliza kitu kifupi sana.

“Anauliza, kwa hiyo alitaka nije?”

“Umwambie alikuwa anamungojea kila siku,” mama alisema.

Yule mama alitoa kitambaa kwenye mkono wa nguo akajifuta macho. Alisema kwao binti akikaribia kujifungua huenda nyumbani kwa mama yake, analishwa, analazwa, hafanyi kitu. Alisema alijua mkamwana wake hana nyumba hiyo karibu, na kwamba aliona haya hata kumtaja mama yangu mbele yake. Mama akatikisa kichwa kwa nguvu. Kumbe wanajua, akaniambia mimi, kumbe ni watu wa kujua kabisa. Ndipo akaomba, bila mizunguko tena, na yule mama akainama na kusema atafanya, ila afundishwe.

Sikuwa nimefikiria kufundishwa kutafanyikaje. Mama alikuwa amefikiria. Alinyoosha kidole mkekani.

“Weye, lala hapa.”

“Minye?”

“Nani mwingine? Bibi yako iko na kazi ya kushika simu.”

Mke wangu alikuwa ameshaishika, naye uso wake wote ulikuwa meno. Nikalala chali, shati limepandishwa mpaka kifuani. Sufuria ikaletwa, mama alikuwa ameibandika tangu alfajiri. Upande wa pili, yule mama alisema neno moja kwa mwanawe, na shemeji yangu, mhandisi, mtu mwenye adabu kuliko imamu, akalala chini kwenye mkeka wao na kufunua tumbo lake jeupe. Tukawa wakalimani wawili tumelala chali kwenye mabara mawili, kila mmoja anatazama dari lake.

“Umwambie kitambaa kikamuliwe hivi, kisidondoke.”

Nikasema kwa Kifaransa, kuelekea darini. Shemeji akasema kwa Kijapani, kuelekea darini.

“Anaanza chini ya kitovu, anapanda. Kiganja, si vidole.”

Mama alibandika, akabonyeza. Nimemfahamu mama yangu maisha yangu yote na sikuwa najua viganja vyake vina uzito ule. Nilikaza meno nikatafsiri. Kutoka kwenye simu nikamsikia shemeji anavuta pumzi ghafla, kisha kwa sauti nyembamba: “Mama yangu anauliza, namna hii?” Mke wangu akainamisha simu mama aone.

“Azidishe. Asimuogope. Mutoto wake huyo.”

Tulifundishwa mgongo, tukafundishwa nyonga. Walipofika kwenye kufunga tumbo, mama alinifunga kitenge cha mke wangu, na yule mama akamfunga mwanawe kwa mkanda mrefu wa kitambaa ambao alisema huvaliwa na wajawazito kwao. Aliufunga haraka na vizuri, kwa mikono ya mtu anayejua. Mama alimtazama akimaliza fundo, na kwa mara ya kwanza tangu mtoto azaliwe nilimwona mabega yake yameshuka. Sikujua kama inafaa kuinuka, hivyo nikabaki nimelala.

Wakaenda wote wanne, yule mama naye akiwa na mfuko wake. Dada hakuambiwa mipango ya bafuni. Shemeji alisema mama yake ataingia tu, bila kuuliza, kama alivyofundishwa.

Siku waliyofika kule milimani sikwenda Kalundu. Nilidai nina mafua. Shemeji alituma picha ya treni, halafu ya ndala zimepangwa mlangoni, halafu ya dada yangu amevaa lile vazi la pamba, kushoto juu ya kulia, mama akaikuza picha kuhakikisha. Dada hakuwa anatabasamu. Kisha shemeji akaandika kwamba wamekula, kwamba yeye anabaki na mtoto, na wanawake wameingia bafuni na mlango umefungwa. Simu haziruhusiwi mule, kwa hiyo tungojee.

Tulingoja. Adhana ya adhuhuri ikaadhiniwa, mama akaswali, akabaki juu ya mswala. Mke wangu aliandaa chakula na hakuna aliyekigusa. Mimi, mtu wa maswali, sikuwa na hata moja zaidi ya lile la mama, nani anamgusa kule. Niliogopa kwamba yule mama wa watu ataona haya mlangoni na kurudi nyuma. Niliogopa kwamba dada atasema usijisumbue, na ataaminiwa tena.

Simu ikalia mlio wa ujumbe. Ulikuwa mrefu, kwa Kifaransa. Nikausoma kwanza kimya, na mama akanipiga kofi begani.

“Soma kwa sauti!”

Nikamsomea, nikiugeuza taratibu. Shemeji aliandika kwamba wametoka. Mke wake amelala usingizi mzito, mtoto yuko pembeni yake. Mama yake ameketi naye hapo chumbani, nywele bado mbichi, na amemwagiza aulize swali moja Uvira, kwa sababu anaogopa amekosea heshima. Aliingia, mkamwana akamwambia usijisumbue, yeye akaendelea kujaza ndoo. Alipombandikia taulo la kwanza, mkamwana hakusema kitu. La pili, alianza kulia. La tatu alipiga ukelele, “Mama!” akalia kwa sauti kubwa sana, akamshika mkono hakuuachia, na akawa anaita hivyo hivyo, mama, mama, muda mrefu. “Mama yangu anasema alijua anayeitwa si yeye. Lakini hapakuwa na mtu mwingine bafuni, basi akaitika. Kila alipoitwa aliitika. Anauliza kama amefanya vibaya.”

Mama alichukua simu mkononi mwangu akaitazama, yeye asiyesoma Kifaransa. Alilia bila kujificha, na mimi nililia, na mke wangu akatoka nje. Baadaye mama alijifuta kwa ncha ya mtandio, akanirudishia simu.

“Umwandikie hajakosea,” alisema. “Minye niko mbali, yeye iko karibu. Umwambie aendelee kuitika.”